Mtoto Mwenye Birika: Nyama ya Kuchoma Mjini Nachingwea



Katika vitabu vya fiqhi ya Imamu Shafi, ambavyo masheikh wetu wa mwambao wamevisomesha misikitini na barazani kwa vizazi vingi, mna mlango wa ushahidi, na ndani ya mlango huo mna maneno juu ya muruwa. Imamu Nawawi katika Minhaj anataja mambo yamwangushayo mtu muruwa wake hata ushahidi wake usikubaliwe mbele ya kadhi, na moja katika hayo ni kula sokoni. Kijana wa leo akisikia hivi hucheka. Yeye amezaliwa akaona watu wanakula sokoni, stendi, kando ya barabara na juu ya pikipiki, wala hajamwona aliyeangukiwa na kitu. Na wanavyuoni wenyewe wameeleza kwamba jambo hili hufuata ada ya mahali na zama, na kwamba msafiri hana lawama, wala mtu wa soko anayekula sokoni kwa kuwa ndiko aliko. Kwa hivyo mimi sikuja kumwambia msomaji asile nje ya nyumba yake. Nimekuja kumzungumzia juu ya pahala pamoja nilipokula, chakula chake kizuri, na bado nikainuka pale tonge limenikwama kooni.

Pahala penyewe pako Nachingwea, bara ya Lindi. Kwa wasiofika, huu ni mji uliokuzwa na wageni. Waingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili walileta huko mpango wao wa karanga, wakafyeka misitu kwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kupanda mpaka huko, na mwaka 1951 Serikali yao ikauacha mpango wenyewe, karanga hazikuonekana. Reli nayo ikang'olewa baada ya uhuru. Kisha wakaja wapiganaji wa FRELIMO, ambao kambi yao kuu ya mafunzo ilikuwa karibu na mji huu mpaka Msumbiji ilipokaribia uhuru wake wa mwaka 1975, na Samora Machel mwenyewe alikaa hapo. Wenyeji wake, Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, wamezoea kumpokea mtu wasiyemjua na kumpa chakula kabla ya kumwuliza jina.

Lakini chakula hicho hakikuwa nyama ya ng'ombe. Misitu ya miombo ina mbung'o, na mbung'o na ng'ombe hawapatani. Wazee walikula ugali wa muhogo au wa mahindi kwa mbaazi, kwa kisamvu, kwa samaki mkavu aliyepanda kutoka pwani. Wakala ming'oko wakati wa dhiki. Kuku alichinjwa akija mgeni, na mbuzi akingoja harusi, jando au hitima. Ng'ombe wengi waliingia Mkoa wa Lindi baada ya mwaka 2006, Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na kuwaelekeza kusini. Walikuja na mashaka ya malisho na mashamba, ambayo yana mahali pake pa kuzungumzwa, na wakaja pia na nyama. Leo mtu akitembea Nachingwea jioni huona moshi wa majiko kila penye taa.

Na neno lenyewe limekuja na safari. "Nyama choma" ni maneno ya watu wa Kenya, wameyakata kiungo cha kati kama wanavyokata mbavu. Sisi tuseme nyama ya kuchoma, haitupunguzii ladha.

Jiko ninalolizungumzia ni la familia moja. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa heshima, na yangu nimemwambia uso kwa uso. Ni pipa lililopasuliwa katikati, wavu wa chuma juu yake, paa la bati, meza sita za mbao na mabenchi yake. Baba ndiye mwenye kisu na moto. Mama yuko nyuma na sufuria la ugali, kachumbari na pilipili. Kijana wao wa kiume anaosha vyombo na kuongeza mkaa. Na kibinti chao, nilimkadiria miaka kumi au kumi na moja, ndiye anayezunguka na birika la maji ya vuguvugu na beseni, akiwanawisha wateja mikono. Nilifika baada ya swala ya isha, mimi ni msafiri, kwa hivyo Imamu Nawawi hana neno nami.

Nianze na haki ya mpishi. Mbuzi wake ni mzuri mno. Yule bwana anajua jambo ambalo wachomaji wengi hawalijui, nalo ni subira. Hauweki mkono wa mbuzi juu ya moto unaowaka. Anangoja mkaa uvae jivu jeupe, ndipo anauweka, tena pembeni kwanza, mafuta yaanze kushuka polepole. Chumvi haitii mapema. Ana chupa ya maji ya chumvi iliyotobolewa kizibo, na kila akigeuza nyama huinyunyizia kidogo, hata ngozi ya nje ikawa kavu na ya ndani ina maji yake. Hakuna viungo vingine wala hapana haja. Mkono wa mbele ndio nilioagiza, na msomaji aliyesoma Shamaili anajua ni nani aliyekuwa akiupenda mkono wa mbele kuliko sehemu nyingine za mnyama. Ulikuwa laini karibu na mfupa na mgumu kidogo kwa nje, kama ipasavyo. Ndimu yake mbichi. Kachumbari ya mama imekatwa nyembamba, vitunguu vimeoshwa kwa chumvi visiwashe, na ugali umesongwa na mtu ambaye mikono yake haina uvivu.

Mizani yake pia nimeipenda. Nyama hupimwa mbichi, nayo ikipita motoni hupoteza maji, hata robo ya uzito na zaidi, na hapo ndipo ugomvi wa majiko mengi unapozaliwa: mteja amelipa kilo, mbele yake imekuja sahani, anaona ameibiwa. Huyu bwana humwita mteja, huweka nyama mbele ya macho yake, hungoja sindano itulie, kisha husema, "Hii ikiiva itapungua, mzee, unajua." Watu ambao Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewateremshia sura nzima juu ya vipimo hawakutakiwa zaidi ya hivyo, na wafanyao hivyo ni wachache.

Aibu yake ya jikoni ni gogo. Gogo lile lile linalokatiwa nyama mbichi ndilo linalokatiwa iliyoiva, likipanguswa kwa kitambaa kimoja tangu magharibi. Hili ni kosa la kitoto, dawa yake ni ubao wa pili, nami nalipita.

Nilimwuliza nani kachinja. Akanijibu bila kukunja uso kwamba mbuzi huchinjwa machinjioni na mchinjaji Mwislamu anayejulikana na mji mzima, akanionyesha muhuri wa mkaguzi kwenye paja lililotundikwa. Kisu chake hakitoki mkononi mwake, kwa sababu hatua thelathini tu kutoka pale kuna kibanda cha kitimoto, na hataki vyombo vichanganyike. Aliposema hayo wanaume wa meza ya karibu waliitikia kwa vichwa, mmoja akasema, "Hapa shehe usiwe na wasiwasi, hapa ni halali tupu."

Neno hilo, msomaji, ndilo lililonifanya nitazame vizuri.

Sisi Waislamu wa nchi hii tuna ukali mkubwa juu ya kisu. Ni ada yetu ya miaka mingi kwamba machinjioni achinje Mwislamu ili kila mtu ale. Mwaka 2013 huko Buseresere, Mkoa wa Geita, ugomvi wa nani achinje ulikwenda mpaka mhubiri mmoja wa Kikristo akauawa. Mtu aliuawa kwa ajili ya kitoweo! Na hali katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya watu waliomwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya nyama wanayoletewa na watu ambao haijulikani kama wametaja jina la Mwenyezi Mungu au hawakutaja, akawaambia walitaje wao na wale. Dini haikutaka tuishi kwa kuchunguzana. Lakini sisi tumeshika kisu, tukakishika kwa nguvu sana, na yaliyobaki mezani hatuyatazami.

Yaliyobaki ni haya. Jiko lile haliuzi pombe. Limeandikwa hivyo kwa chokaa ukutani. Walakini jirani yake ni baa. Wateja wakishaketi na kunawa, huinua kidole na kumwita yule kibinti mwenye birika, humpa fedha mkononi, naye huweka birika chini, hukimbia mpaka baa, hurudi na chupa mbili au tatu amezikumbatia kifuani, huzipanga mezani, hurudi kuchukua birika lake. Nilimwona akienda mara saba. Saa nne ya usiku ilipopiga alikuwa bado anakwenda. Na mmoja kati ya waliomtuma, Mwenyezi Mungu atusitiri sote, nilisimama naye safu moja magharibi.

Kila aliyesoma madrasa anaijua hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi. Wanywaji ni mmoja tu katika kumi hao. Yumo mwenye kuikamua, na mwenye kuiuza, na mwenye kula thamani yake, na yumo mwenye kuibeba na mwenye kubebewa. Mtoto hajabaleghe, kalamu haijamwandikia. Basi sehemu yake ya kubeba itaandikwa kwa nani? Na sheria ya nchi nayo haikunyamaza: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi ya usiku, kuanzia saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi. Hapo sikutaja kwamba asubuhi ya pili yake ilikuwa siku ya shule.

Siku ya pili nilirudi alasiri, baba anakatakata nyama, hapana mteja. Nilimsalimu, tukaulizana hali kama wafanyavyo watu, kisha nikamwambia niliyoyaona. Hakukasirika. Alisema, "Shehe, mimi pombe siuzi."

Nikamwambia, "Huuzi, lakini anayeileta ni mwanao."

Akanyamaza, akakata mbavu mbili tatu. Kisha akasema maneno ambayo ni wajibu wangu kuyaandika kama alivyoyasema, maana ukosoaji usiosikia jibu ni dhuluma. Alisema kwamba Nachingwea fedha huja kwa msimu. Korosho zinapouzwa mnadani na wakulima wakalipwa, miezi miwili au mitatu, hapo ndipo jiko hujaa; miezi mingine ya mwaka anauza kilo nne, tano kwa siku, na nyingine hawali hata wao. Msimu ndio unaolipa kodi ya kiwanja, sare za shule, dawa, na mbuzi wa kuanzia tena. Wateja wa msimu wanataka nyama na chupa. Akiwakataza watahamia kule kwenye kitimoto, "na huko, shehe, watakula na nguruwe juu yake." Na kijana wa kuajiri wa kuwanawisha watu hana fedha ya kumlipa.

Sikumwona mwongo. Shida yake ni ya kweli, na msomaji aliyekaa nyumbani kwake Tanga au Mombasa akihukumu kwa haraka ajiulize kwanza yeye angelifanya nini. Lakini hoja yake ina tundu. Anasema wateja watahama. Wateja gani? Usiku ule niliwahesabu waliokuwa wakila, wakafika watu ishirini na wawili, na wote wanaume. Hapakuwa na mke mmoja, wala mtoto, wala bibi aliyeletwa na wajukuu zake. Jiko la familia, na hapana familia inayokula! Familia moja inasimama motoni mpaka usiku wa manane ili wanaume ishirini na wawili wazikimbie familia zao. Na huko walikotoka, msimu ule ule wa korosho, mwanamke aliyeziokota korosho hizo kwa mkono, akiinama toka Oktoba, yumo anasonga ugali wa kisamvu.

Hapa lawama namwondolea mchomaji, nawageukia walaji. Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alizitaja dinari ambazo mtu huzitumia katika mambo ya kheri, ya jihadi, ya kumkomboa mtumwa na ya kumpa masikini, akaweka juu ya zote kwa ujira ile anayoitumia kwa watu wa nyumba yake. Mtu anaweza kuswali safu ya kwanza, akaulizia kisu kilichochinja, akapata nyama ya halali isiyo na shaka, kisha akaila peke yake nusu kilo na mifupa akawatupia mbwa wa barabarani, na nyumbani kwake hakuna aliyeonja tangu Idi. Nyama ile tuiiteje?

Na yako mafundisho mengine, ambayo wenye majiko na wenye kula majikoni wote yanawahusu, nayo ni juu ya mtumishi akuleteaye chakula. Mtume (S.A.W.) aliagiza aketishwe kula, au kama hapana nafasi apewe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto lake na moshi wake. Joto na moshi: kana kwamba jiko la Nachingwea lilikuwa mbele ya macho. Usiku ule sikumwona mtoto mwenye birika akipewa kipande. Nilimpa mimi, akatazama kwanza kwa baba yake, akakifunga katika karatasi, akasema atakula na kaka yake.

Msomaji ataniambia kwamba ninataka jambo lisilowezekana, nyama ya usiku bila chupa na wanaume pamoja na wake zao. Linawezekana, na si mbali. Pale Forodhani, Unguja, bustani ambayo ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, kila jioni makaa yanawashwa, mishikaki, pweza na muhogo vinachomwa, na wanaokuja ni watu na watoto wao, mabuibui na kofia, watoto wanapigania maji ya miwa. Dar es Salaam katikati ya mji, Mamboz pale kwenye pembe ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, kuku wa makaa anauzwa kando ya barabara, meza ziko nje, hapana tone la ulevi, na utaona meza moja ina vizazi vitatu. Sisemi huko hakuna makosa. Bei za Forodhani zinamjua mgeni kwa rangi yake. Nasema pombe haikuwa ndiyo inayowajaza watu pale. Kilichowajaza ni kwamba mke anaweza kukaa bila kuona haya.

Nilimwambia yule bwana hivyo, tukashauriana kama ndugu. Awashe moto alasiri badala ya magharibi, apate mama wenye watoto kabla ya giza. Meza mbili za upande wa mama aziweke pazia la ukili. Auze maji ya ukwaju na togwa, ambavyo mkewe anavijua na faida yake haiendi baa. Nyama ya kufungiwa nyumbani aiuze nafuu kidogo kuliko ya kukaa, ili mwanamume mwenye haya apate njia. Birika alishike kijana mkubwa, au liwekwe juu ya kigoda lenye bomba, kila mtu anawe mwenyewe, na mtoto akalale. Yule mama, ambaye alikuwa kimya nyuma ya sufuria muda wote, alisema neno moja tu: "La birika mimi nilishalisema."

Baba akacheka cheko la mtu aliyeshindwa nyumbani kwake. Lakini la chupa alilirudisha kwangu. "Haya, birika nitaliondoa. Na yule wa msikitini, shehe, ambaye humtuma mwanangu, atamwambia nani? Mimi nikimwambia ananihama. Wewe kesho unaondoka."

Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Nililipeleka neno lake kwa imamu baada ya magharibi, bila kutaja jina la mtu, naye aliniahidi kulisema Ijumaa. Nimeondoka kabla ya Ijumaa kufika.

Mwenye safari ya huko kusini na apitie Nachingwea, jiko halitampotea. Ni lile lenye maandishi ya chokaa. Afike alasiri. Mbavu huisha kabla ya magharibi, na baada ya isha hubaki shingo na miguu, ingawa shingo yake nayo, ikichomwa polepole, si ya kukataa. Aulize maji ya ukwaju kwa sauti, mama ayasikie.